Mkono Uanikao na Mkono Upimao

Mtu aliyelelewa Pemba hahitaji kitabu kumfundisha maana ya ubora, kwa kuwa aliujua kwa vidole kabla hajaujua kwa jina. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, imekwisha kuona wekundu lakini haijapasuka ikawa ua. Ikichelewa siku chache hufunguka, na iliyofunguka haina tena kile kichwa kinachompendeza mnunuzi. Jioni watu wa nyumba huketi kulizunguka lundo la karafuu mbichi wakazichambua, tumba huku na makonyo kule, na mazungumzo yakaendelea hata usiku. Asubuhi huanikwa juu ya majamvi, zikapinduliwa na kupinduliwa tena, na kwa muda wa siku nne au tano, au wiki nzima jua likiwa la kusuasua, hupoteza kama thuluthi mbili za uzito wake na kugeuka rangi ya kahawia, na ukiivunja moja baina ya kidole gumba na kidole cha shahada hutoa mlio mdogo mkavu. Lau mvua itazikuta uwanjani, au mwenye nyumba akazitia guniani zingali na majimaji, huvunda, zikapauka na kunywea, na hapana ustadi wa kuzirudisha zilivyokuwa.

Siku ya kupeleka kituoni, karani hutia mkono guniani mpaka kwapani, akachota za chini kabisa, huko ambako mjanja huficha mbovu zake, akanusa, akavunja, akatazama kwenye kiganja, kisha akatamka daraja; na neno lile moja ndilo linalopandisha bei au kuishusha. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa sana yule karani, nikidhani yeye ndiye anayezifanya karafuu kuwa nzuri au mbaya, mpaka siku moja tukirudi nyumbani nikamwambia shangazi yangu kwamba karani wa leo alikuwa mwema, ametupa daraja la kwanza. Shangazi akacheka. “Yeye hana alilolifanya, mwanangu,” akasema. “Kazi hiyo tulikwisha kuifanya juzi, mvua ilipotaka kunya.”

Jibu lile, miaka mingi baadaye, nililikuta limeandikwa kwa lugha nzito katika vitabu vya wenye viwanda, na jina lake huko ni usimamizi wa ubora. Watu wengi wakilisikia neno hili humfikiria karani: mtu mwenye koti jeupe aliyesimama mlangoni pa kiwanda, akitoa kasoro na kuzitupa pembeni. Huo ni ukaguzi, nao una mahali pake. Walakini ukaguzi huikuta hasara imekwisha kuingia. Unga umekwisha kukandwa, kuni zimekwisha kuungua, mshahara wa siku umekwisha kuliwa, na kinachobaki ni kuhesabu vilivyoharibika. Usimamizi wa ubora ni kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye jamvi na wingu la mvua, na kuipanga kazi kwa namna ambayo kasoro haipati mlango wa kuingilia, na ikiingia ionekane mapema, ingali ndogo.

Wala ubora si anasa, kama wengi wadhanivyo. Kanga ya bei nafuu ambayo muuzaji amekwambia itatoa rangi kidogo mara ya kwanza kisha itulie, nayo ikafanya hivyo hivyo, ina ubora kuliko ile ya bei ghali iliyoapiwa kuwa haitoi rangi kabisa, ambayo siku ya kwanza tu ya kufuliwa imekutia wekundu kanzu zote za beseni. Mshitiri anachokinunua ni ahadi, na ubora ni ahadi hiyo kutimizwa leo, kesho na mtondo, hata kama mwenye duka yuko safarini na aliyekaa dukani ni mpwawe.

Elimu hii ina nasaba yake, na kwa bahati nzuri mojawapo ya machimbuko yake ni jambo ambalo kila mfumaji wa mkeka atalifahamu. Mwaka 1924 fundi Mjapani, Sakichi Toyoda, alikamilisha mtambo wa kufumia nguo ambao uzi ukikatika, husimama wenyewe. Mtambo wa zamani haukuwa na habari. Uzi ulikatika nao uliendelea kufuma, ukitoa jora zima la nguo yenye ufa, na kwa hiyo ilibidi mtu asimame akitumbua macho mchana kutwa. Mtambo wa Toyoda ulimpunguzia mtu taabu hiyo, hata mfanyakazi mmoja akaweza kuhudumia mitambo mingi, na mwaka 1929 haki ya kuutengeneza iliuzwa kwa Platt Brothers wa Uingereza. Jamaa zake walipoingia katika kutengeneza magari, walilichukua wazo hilo hilo: mfanyakazi anayeona kasoro aruhusiwe kuvuta kamba, na asipopata dawa ya haraka, kazi yote isimame. Fikiri ni moyo wa namna gani unaotakiwa kwa mwenye mali kumpa kibarua ruhusa ya kuusimamisha mtaji wake!

Mwaka huo huo wa 1924, mwezi wa Mei, huko Marekani, Walter Shewhart wa kampuni ya Western Electric alimpelekea mkubwa wake karatasi moja tu yenye mchoro, nayo ikawa mwanzo wa kuidhibiti kazi kwa hesabu. Rai yake yaweza kuelezwa kwa chapati. Hapana mpikaji, awe bingwa wa namna gani, aliyewahi kutoa chapati mbili zilizo sawasawa kabisa. Moja itakuwa pana kidogo, nyingine itaiva zaidi upande mmoja, na tofauti hizo za kawaida hazina mtu wa kulaumiwa. Lakini siku chapati kumi mfululizo zikatoka zimeungua, kuna jambo limetokea: chuma kimetoboka, mkaa umebadilishwa, au mpikaji ana msiba. Mchoro wa Shewhart humsaidia msimamizi kuzitenga hali hizo mbili, asije akamgombeza mtu kwa tofauti isiyo na maana, au akapuuza dalili yenye maana. Mwanafunzi wa fikra zake, W. Edwards Deming, alialikwa Japani mwaka 1950, wakati ambapo bidhaa za nchi hiyo zilijulikana duniani kwa urahisi na udhaifu, akawafundisha wahandisi na wakuu wa makampuni. Na kuanzia mwaka 1951 Wajapani wakawa wanatoa tuzo yenye jina lake. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba kasoro nyingi kabisa za kazini hutokana na mpango wa kazi, ambao ni dhamana ya wakubwa, wala si uvivu wa wafanyakazi. Wakubwa wengi hawakulipenda neno hilo, na hadi leo hawalipendi.

Nimeliona likithibitika hapa mtaani. Jirani yangu mmoja ana tanuri la boflo, na kwa muda mrefu alisumbuliwa na mikate inayobonyea katikati. Haikuwa yote, wala si kila siku, ila ilitosha kuwafanya wenye maduka wairudishe na kukata fedha. Akamshuku mkandaji, akamwondoa. Akaajiri mwingine, mikate ikaendelea kubonyea, naye akaondolewa. Binti yake, aliyesoma mambo ya biashara, ndiye aliyeleta daftari lenye mistari, akaomba yaandikwe mambo machache tu: saa ya kukanda, saa ya kutia tanurini, gunia la unga limefunguliwa lini, umeme umekatika au la, na mikate mingapi imerudi. Mzee alinung’unika kwamba yeye anaoka mikate, haandiki hati za nikaha. Baada ya wiki sita wakakaa na daftari lile, na jambo likawa dhahiri kama mchana: mikate mibovu ilikuwa ya siku ambazo umeme ulikatika donge likiwa limekwisha kukandwa, likakaa katika joto likiumuka, likapita kiasi chake, na lilipofika tanurini likaanguka.

Dawa yake haikuwa na gharama ya kutisha. Wakaanza kukanda madonge madogo madogo badala ya moja kubwa, na wakakubaliana kwamba umeme ukikatika zaidi ya nusu saa, donge lililokwisha kuumuka lisingojee boflo, likandwe upya liwe skonzi. Mikate inayorudi ikapungua sana, unga uliokuwa ukitupwa ukawa fedha, maduka mawili yaliyokuwa yamehama yakarejea, na, jambo ambalo halimo katika hesabu yoyote, kelele za alfajiri zilizokuwa zikituamsha majirani zikatulia. Hizo ndizo faida za usimamizi wa ubora zikitazamwa kwa karibu. Huanza kwa kupunguza kinachotupwa, mshitiri akafuata baadaye, na sifa ikaja mwisho kabisa. Yule mkandaji wa pili alipoombwa arejee alikataa, na haki yake.

Ila kisa hakikwisha hapo. Mwezi wa tatu au wa nne, binti aligundua kwamba daftari limekuwa zuri kupita kiasi: saa ya kukanda ni ile ile kila siku, saa ya tanuri ni ile ile, mwandiko ni mmoja na wino ni mmoja, kana kwamba siku zote saba zimeandikwa katika mkao mmoja. Na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa. Siku moja kijana mmoja wa tanurini aliandika ukweli kwamba alichelewa, mzee akamfokea mbele ya wateja. Tangu hapo kila mtu akajifunza kuandika kinachompendeza mzee. Hapa ndipo penye mtihani mkubwa kuliko wote katika jambo hili, na hauhitaji mashine wala mkopo wa benki kuushinda, jambo linaloufanya uwe mgumu zaidi. Ubora hutaka habari za kasoro zipande juu haraka, ilhali katika sehemu nyingi za kazi zetu habari za kasoro humrudia aliyezileta.

Mwenye kutaka kuyaona haya kwa upana zaidi na ayatazame mambo ya Ziwa Nyanza. Samaki aitwaye sangara Mwanza, mbuta Kisumu na mputa kwa ndugu zetu wa Uganda, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, aliwafanya watu wa mwambao ule kuwa wafanyabiashara na Ulaya: viwanda vikajengwa, minofu ikapoozwa kwa barafu na kupakiwa ndegeni. Walakini Ulaya, kwa amri yake ya mwaka 1991, ilikwisha kusema kwamba samaki wa kutoka nje lazima wapitie masharti yaliyo sawa na ya samaki wake. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, mlango ukafungwa kwa samaki wabichi, na haukufunguliwa mpaka katikati ya 1998. Wataalamu wengi walishuku kama kipindupindu chaweza kusafiri Ulaya ndani ya mnofu uliopoozwa kisha ukapikwa, lakini mwenye soko ndiye mwenye ufunguo. Mwaka 1999 ikaja habari mbaya zaidi, nayo haikuwa na utetezi: baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kumwaga sumu ya wadudu majini. Mlango ukafungwa tena, na Kenya ilisubiri hadi karibu na mwisho wa 2000 kufunguliwa.

Viwanda vilipunguza watu au kusimama, na bei ya samaki ufukweni ikaanguka. Lakini katika dhiki ile ndimo kazi ilimofanyika. Serikali zilizokuwa na wakaguzi katika idara tatu nne zinazogombea mihuri zililazimika kuiweka mamlaka hiyo mahali pamoja, maabara zikaimarishwa, viwanda vikabomoa kuta na kujenga upya ili samaki aingiaye asikutane na mnofu utokao, mialo ikapewa sakafu, paa na maji safi, samaki wasitupwe tena mchangani. Na njia iliyofuatwa ndani ya viwanda ilikuwa ile iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilipotengeneza chakula cha wanaanga: kwa kuwa huwezi kukionja chakula chote kukijaribu kisha ukabaki na cha kupeleka, patafute mahali ambapo hatari yaweza kuingia, pawekee mpaka, papime kila saa, andika, na mpaka ukivukwa ujue tangu mwanzo utafanya nini. Karani mwenye mkono guniani hatoshi tena. Kila hatua imekuwa na karani wake. Biashara ikarudi, na kwa Uganda minofu ikapanda hadi kuwa miongoni mwa mazao ya mbele yaletayo fedha za kigeni.

Mimi sitaki kukisifu kisa hiki kupita haki yake. Mnofu ulipopata vyeti vyote na kupanda ndege, mifupa na vichwa, yale yaitwayo mapanki, yalibaki yakianikwa juani na kukaangwa kwa ajili ya wenyeji, wala sijapata kusikia mkaguzi wa Ulaya akiuliza yana joto la nyuzi ngapi. Ubora uliojengwa kwa sababu ya mshitiri wa mbali una tabia ya kuishia pale macho yake yanapoishia. Wenye viwanda vidogo, wasioweza kujenga upya, waliondoka sokoni. Maana kipima joto, maabara na mtunza kumbukumbu vina gharama karibu ile ile kwa mwenye tani moja na mwenye tani mia, na kwa hiyo mzigo huo, ambao mkubwa huubeba begani, mdogo humvunja kiuno.

Mzigo huo wameuona pia wafanyabiashara wadogo wanaohangaikia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango lililoundwa Tanzania mwaka 1975, au ya KEBS, lililotangulia kuundwa Kenya kwa mwaka mmoja. Mwenye achari yake tamu aweza kuwa na mkono safi kuliko kiwanda chochote, lakini hana chumba mbali na jiko la nyumbani, na bila chumba hapana alama, na bila alama duka kubwa halimpokei, na bila duka kubwa hapati fedha ya kujenga chumba. Wapo wanaosaidiwa kukitoka kitanzi hicho. Wengi hukizunguka miaka.

Kuna na ugonjwa wa vyeti. Viwango vya ISO 9001, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na shirika la kimataifa lenye makao Geneva, vinataka jambo la busara: sema unachofanya, fanya ulichosema, thibitisha, kisha rekebisha. Shirika lenyewe halimpi mtu cheti. Vyeti hutolewa na makampuni mengine ya ukaguzi, na leo viko zaidi ya milioni moja duniani. Cheti kinamshuhudia mtu kwamba ana utaratibu, hakishuhudii kwamba bidhaa yake ni nzuri. Anayetengeneza boya la saruji la kujiokolea majini, akilitengeneza kila siku kwa vipimo vile vile na kuandika kila kitu, hana kipengele alichokivunja mpaka mtu azame. Nimewahi kuingia katika ofisi moja iliyotundika cheti chake ukutani kwa fremu ya dhahabu, na chini yake mteja mmoja amelala kwenye benchi, akingojea faili lake lililopotea tangu juzi.

Hata mwalimu hujikwaa. Toyota, wajukuu wa mtambo ule uliosimama uzi ulipokatika, walilazimika baina ya 2009 na 2010 kuyaita magari yao kwa mamilioni yarudi kutengenezwa, na Februari 2010 mkuu wa kampuni, Akio Toyoda, kitukuu cha fundi Sakichi, akasimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akakiri kwamba wamekua kwa haraka kuliko uwezo wa kuwalea watu wao na kazi yao. Mwenye tanuri, aliposomewa habari hii gazetini, alifurahi kuliko inavyompasa Muislamu kufurahia balaa la mwenzake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku mbili katika mwalo mmoja wa ziwani, nikitaka kuona kwa macho yangu kazi ile ya ubora wa samaki inapoanzia. Wavuvi waliingia alfajiri, wengi wao na samaki waliofunikwa kwa majani na turubai, na mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, ana sanduku alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao na sponji, ndani yake barafu aliyoinunua jioni kwa fedha yake. Samaki wake walikuwa baridi, macho yanang’aa, mashavu mekundu kama walitolewa majini saa ile. Wakala akawapima katika mizani ile ile, akawatupa katika kreti lile lile pamoja na wengine, akahesabu fedha kwa kilo, bei moja kwa wote.

Nilimuuliza wakala kwa nini. “Mzee, sangara ni sangara,” akanijibu, hana ubaya. “Mimi kiwanda kinanilipa kwa kilo, barafu hainilipi.” Kijana alizihesabu noti zake mara mbili, akazitia mfukoni, hakusema kitu. Kesho yake nilimwona tena akiusukuma mtumbwi. Sanduku lake alikuwa ameliacha mchangani, limepinduliwa, na watoto wawili wamelikalia wakila miwa.